Mtu Makini wa Wavu

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha kamati ya umeme. Nimepewa kiti cha nyuma, chenye mguu mbovu, kama kawaida. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu anayeongea na watu wazima kana kwamba ni wanafunzi waliochelewa namba, ametangaza kuwa kuna wavu mpya wa chuma unaojisafisha wenyewe. Majani yanateleza juu yake yanakwenda zake. Ukifungwa huo, mlinzi wa wavu hahitajiki tena.

Mlinzi wa wavu ni mimi!

Miaka mitatu nasimama kijitoni, maji ya baridi mpaka magotini, nachokoa majani kwenye wavu kwa reki ili maji yashuke safi bombani, yazungushe mtambo, watu wapate taa. Shukrani yao ndiyo hiyo. Fundi wa mtambo, niliyembandika jina la Bwana Volti, aliitikia kila neno kwa kichwa. Yeye anakaa kibandani, kivulini, kalamu sikioni. Picha zote za mradi yumo. Mimi hata kiwiko hakimo.

Nimemweleza mke wangu. Alikuwa anageuza mayai kwenye mashine yake ya kuangulia. Mayai sitini, leo siku ya kumi na nne. Vifaranga hao ni wa kuanzishia banda lake, aache kufua nguo za watu. Vidole vimempasuka kwa sabuni. Akasema nisijali, kazi nyingine itapatikana. Itapatikana! Kana kwamba kazi ni inzi.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaza kutwa. Kosa langu ni bidii. Nasafisha kabla hawajaona tatizo, basi wanadhani tatizo halipo. Wanahitaji kuyaona majani.

Saa nane nimeweka mkumbo mmoja tu wa majani makavu kwenye wavu. Taa zikafifia. Nikasubiri kidogo, nikayatoa, nikateremka mbio nikiwa nimelowa kusudi, nikapokee ahsante. Nimekuta Bwana Volti akipongezwa! Alikuwa amezungusha koki yake dakika ileile umeme ulipokaa sawa. Amenipungia mkono.

Alhamisi, 7 Machi

Leo sikufanya utani. Gunia zima la majani, nikalichanganya na tope, nikasindilia kwenye wavu mpaka maji yakaanza kumwagika pembeni. Kisha nikaenda kukaa kwa kinyozi, mahali ambapo hata kipofu angenipata. Nilihesabu: nusu saa, watakuja mbio kuniita, nami nitaiokoa siku.

Saa tisa na nusu umeme ukakatika. Mashine ya kinyozi ikafia katikati ya kichwa cha mteja. Nikajitia hamnazo. Saa kumi, hakuna mtu. Saa kumi na moja, hakuna mtu! Nikaenda kibandani mwenyewe.

Bwana Volti ameshaufungua mtambo wote. Vyuma vimetandazwa sakafuni. Anasema beringi imekufa. Fundi cherehani, jirani yetu, akauliza kama si wavu umeziba. Mwenyekiti akamkata kauli, mbele ya watu wote: haiwezekani, pale juu kuna mtu makini, miaka mitatu wavu haujaziba hata siku moja. Watu wakanigeukia. Wengine walipiga makofi.

Ningefanya nini? Maneno hayo nimeyasubiri miaka mitatu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nyumbani mke wangu amefunika mashine kwa mablanketi yetu yote na kupanga ndani chupa za maji ya moto. Ameniuliza umeme utarudi lini. Nimemwambia amuulize Bwana Volti.

Ijumaa, 8 Machi

Beringi mpya inaletwa kutoka mjini. Mtambo bado uko vipandevipande. Nimefikiria kwenda kuzibua wavu kimyakimya, lakini maji yakishuka sasa yatamwagika kibandani juu ya vyuma. Itakuwa hasara juu ya hasara. Na nikionekana je? Mtu makini anazibua nini?

Mke wangu hajaenda kufua. Tangu alfajiri anachemsha maji, anabadilisha chupa, anachemsha tena. Akaniomba nishike pembe ya blanketi asije akaingiza baridi. Nikashika. Akaweka yai moja sikioni, akasikiliza, akanitazama. Neno lilinifika ulimini. Roho iliniuma, sitaficha. Kisha nikayakumbuka yale makofi.

Jumamosi, 9 Machi

Mtambo umeunganishwa, beringi mpya inang'aa. Bwana Volti amefungua koki mbele ya umati. Yakatoka maji ya kunawa mikono. Akaduwaa. Nikamfurahia sana, kwa muda mfupi.

Kabla sijainuka, mke wangu alikuwa ameshachukua reki anapanda kijitoni. Saa sita umeme ukarudi. Ameteremka amelowa mpaka kiunoni, na gunia tupu kwapani. Ni gunia lake la chakula cha kuku. Nililisahau palepale juu! Miaka mitatu sijasahau kitu kijitoni, nakuja kusahau hilo.

Ameniuliza kitu kimoja tu, kama nilijua. Nimemwambia sikujua, upepo wa juzi ulikuwa mkali. Ameitikia kwa kichwa. Amelifua gunia, akalianika.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya ishirini na moja. Wametoka vifaranga wawili. Mmoja amekufa kabla ya saa sita.

Mengine ameyapasua moja moja nyuma ya nyumba. Nilichungulia dirishani. Walikuwa wameshaota manyoya. Alilia bila kufunika uso, huku akiendelea kupasua. Mimi pia nimelia.

Halafu hasira zikanipanda. Fundi gani anafungua mtambo bila kwanza kutazama kama maji yapo? Muuaji yule.

Jumatano, 13 Machi

Kikao. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu wavu, kurasa mbili. Mke wangu akasimama kwanza. Akaomba kazi ya wavu apewe yeye. Mwenyekiti akauliza, na mumeo? Akajibu kuwa mumewe amechoka, apumzike, na yeye anataka kuona kwa macho yake kinachopita pale. Mikono yote ikanyooshwa. Wavu mpya umeahirishwa. Wanasema mtu wanaye. Nimeshukuriwa kwa utumishi. Bwana Volti amenipa mkono!

Gunia hakulitaja. Huyo ndiye mke. Ananipenda mno.

Alhamisi, 14 Machi

Ameondoka alfajiri na reki yangu na buti zangu. Chumba cha mayai amekifunga kwa kufuli, ufunguo ameuvaa shingoni. Nadhani anaogopa wezi. Godoro lake pia amelihamishia humo, awe karibu na mashine.

Mimi sikukaa bure. Nimewaza. Mtambo ule unahitaji mtu anayejua maji. Kiti cha Bwana Volti kinanitosha kabisa. Mchanga kidogo kwenye grisi, kijiko kimoja tu, na kila mtu atajua yeye ni fundi wa namna gani.

Nimemsikia mke wangu akimwambia fundi cherehani kuwa mayai mapya anayaweka Jumapili. Basi nitafanya Jumatatu, kwa kumjali. Yai la siku moja halina kitu ndani. Hata yakipoa, hatakuwa amepoteza chochote.