Antena Ndani ya Kofia ya Baba

Jumatatu, 9 Juni
Leo nimeanza rasmi kumwokoa baba. Mzee Sakaya anasahau njia. Mwezi uliopita kapotea mara mbili akichunga, kule msituni chini ya Mlima Meru. Dada Jackline anataka ahamie kwake Elerai na ng'ombe wauzwe. Baba bila ng'ombe! Hatamaliza mwaka. Nimeomba wiki moja. Nitamtengenezea antena bapa ya shaba, ndogo kama kiberiti, inase setilaiti kutoka ndani ya kofia na, kwa laini ndogo ya simu, kunionyesha alipo kwenye simu yangu. Shemeji Godbless akauliza kama mimi, fundi simu wa Kaloleni, naweza mambo hayo. Wivu tu.

Jumatano, 11 Juni
Shaba ikiwa ndogo, inanasa kidogo. Ikiwa kubwa, kofia inakaa kama sinia. Nimechonga pembe zake, nimeharibu vibao sita vya shaba. Cha saba kimekamata setilaiti kumi na moja! Nilipiga kelele, jirani Magdalena akaja kuuliza nani kafa. Nimekishonea kwenye kofia mpya ya sufu na kumpelekea baba. Aliipapasa muda mrefu, akasema hajawahi kupewa kofia nzuri hivi. Nikageukia pembeni. Vumbi liliniingia machoni.

Ijumaa, 13 Juni
Kutwa simu inaonyesha baba yuko nyumbani, hajasogea hata hatua. Nimemtangazia Godbless ushindi. Saa kumi Jackline kapiga analia: baba haonekani. Nikamsihi aamini sayansi. Nilipofika kwa baba, kofia ilikuwa inaning'inia msumarini, ndani ya mfuko wake.

Nikakimbilia msituni. Ukungu! Niliita mpaka sauti ikakauka. Kufika saa kumi na mbili sikujua nyumbani ni upande gani. Niliogopa nimempoteza baba, nikalia kama mtoto. Kisha kengele za ng'ombe, na baba nyuma yao, kichwa wazi.

"Umepotea, Yoeli?"

Nikamuuliza mbona hakuvaa kofia.

"Ile ni ya kanisani. Umenipa wewe, halafu niivae kuchungia?"

Akanishika mkono, tukawafuata ng'ombe. Wao njia wanaijua.

Jumapili, 15 Juni
Jackline amekubali baba abaki, maana ng'ombe ndio waliotufikisha nyumbani. Sharti lake moja: mimi nisiingie msituni bila baba.

Leo kaivaa kofia kwenda ibadani. Antena inafanya kazi! Njia nzima simu ilisema baba yuko mita tatu kutoka nilipo. Alikuwa amenishika mkono. Mita tatu ni aibu. Kesho nakata shaba nyingine.