Moyo wa Shemeji kwenye Kiti Changu

Jumatatu, 4 Machi

Leo amekuja nesi mpya kwenye ukumbi wa chama chetu cha watu wenye ulemavu. Mwili mdogo, sauti ya mwalimu wa zamu. Kasema hakuja kuangalia miguu, macho wala masikio ya mtu. Kaja kuangalia mioyo.

Mimi nilianza kwenda hospitali kabla sijajua kusoma, na kote nilikopita wametazama miguu. Nikienda na jino, wanatazama miguu. Nikienda na mafua, miguu. Uzito wangu huandikwa kwa kukisia, maana mizani yao inataka mtu asimame. Moyo wangu haujawahi kujuliwa hali na yeyote. Nikaguswa. Karibu nitoe chozi.

Halafu akanipima presha, akasema iko juu. Chozi likarudi lilikotoka.

Nilimwambia mashine yake mbovu. Akapima tena. Nikamwambia basi aiteremshe, si yeye mwenye mashine? Akajibu kwa upole kwamba wa kuiteremsha ni mimi: nipunguze chumvi, niache sigara, nifanye mazoezi ya mikono. Mazoezi! Mimi ninayesukuma magurudumu kutwa! Akauliza nasukuma kutoka wapi hadi wapi. Kutoka chumbani hadi kwenye meza yangu ya kuchongea funguo. Akauliza kama huwa natokwa jasho. Nikabadilisha mazungumzo.

Jambo la maana alilisema mwishoni. Jumamosi ya wiki ijayo tutapimwa upya, kliniki. Atakayekuwa na presha nzuri na mahudhurio mazuri atapigwa picha, iwekwe kwenye bango kubwa mlangoni mwa kliniki.

Bango! Nimeanza kutafuta shati.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi ya kwanza. Tumekaa kwa duara, kila mtu na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Unavuta, unaachia. Kisha ngumi za hewani, kwa kufuata muziki wa redio.

Mshindani wangu amejulikana. Ni Mpokeasimu. Haoni tangu utotoni, na alipokea simu za ofisi ya maji hadi alipostaafu. Anarusha ngumi kama mtu anayedai haki. Nesi kamsifu mbele ya wote. Mimi nilivuta mpira ukaniponyoka, ukamgonga mweka hazina wa chama sikioni. Sikusifiwa.

Wakati wa kupumzika nikarudi nyuma ya nguzo kula karanga zangu za chumvi. Mpokeasimu akauliza kwa sauti nani anakula. Nikasema kwa masihara kwamba wasioona wana masikio ya ajabu. Akajibu kwamba masikio yake ni ya kawaida kabisa, ila mimi natafuna kama mbuzi.

Watu wamecheka mno. Nesi kachukua karanga.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu amejiunga na maadui. Nesi alimpigia. Chumvi imeondoka mezani, mboga zina ladha ya maji ya mvua. Nimelalamika. Kasema anataka kuzeeka na mume, siyo na picha ya mume ukutani.

Nimehamishia akiba ya chumvi kazini, ndani ya kopo la grisi lililokwisha. Mchana nikafungua kopo nisilolikusudia. Yai la kuchemsha lenye grisi! Nimesukutua kinywa mpaka jioni. Mteja aliyesubiri ufunguo alidhani natapika, akaondoka na kufuli yake.

Sigara sijaacha. Nimezipunguza urefu tu: nazitupa kabla hazijaisha.

Jumatano, 13 Machi

Nimempa nesi mkono anipime kwa siri. Presha haijashuka hata kidogo. Ya Mpokeasimu imeshuka. Anatembea na binti yake kila asubuhi kabla ya jua kali, na chumvi kaipungia kwaheri.

Nimerudi na hasira, nikajiuliza kwa nini nataka lile bango namna hii. Nimepigwa picha nyingi maishani. Zote za kuombewa msaada. Mpiga picha huinama, ananiambia nitazame chini kidogo, nisitabasamu. Ipo moja iliyozunguka nchi nzima kwenye kalenda. Nimeshika bakuli ambalo hata halikuwa langu. Mara moja tu nataka kupigwa picha nikiwa natazama mbele, watu wapite waseme: yule mtu ana moyo mzima.

Njia ya halali ya kufika hapo ni ndefu, ina mboga nyingi. Nimeketi nikafikiri. Mlango ukagongwa, akaingia shemeji yangu Chuma, kaka wa mke wangu. Fundi bomba. Kifua kama kabati. Husema hajawahi kumeza kidonge tangu azaliwe. Alibeba tangi la maji peke yake hadi juu ya paa, na hadithi hiyo tunaisikia kila akija.

Nilimtazama kile kifua. Nikatazama kiti changu.

Mungu ananipenda.

Jumamosi, 16 Machi

Mpango umetekelezwa!

Nesi wetu hayupo zamu leo, yupo mwenzake ambaye hanijui. Chuma amevaa shati langu na kofia yangu, kaishusha hadi kwenye nyusi asitambulike, akakaa kwenye kiti changu, blanketi miguuni. Nimemwagiza asiseme neno, aoneshe koo tu kwamba linauma. Mwanzoni aligoma. Nikamkumbusha nani alimnyamazia kwa dada yake ile siku alipopasua bomba la jikoni kwetu. Akaketi. Mke wangu alikuwa sokoni.

Nikabaki kitandani. Sikuwa nimefikiria jambo moja: bila kiti, mimi ni wa kitandani kweli. Simu ikalia mezani. Sikuifikia. Mvua ikaanza, dirisha liko wazi. Nikalowa nikiwa natazama komeo. Nilijisemea kwamba ushindi una gharama.

Chuma karudi bila hadithi ya tangi. Si kawaida yake. Nilidhani kashikwa. Akasema hapana, ila hajui nawezaje. Njiani mtu asiyemjua kampapasa kichwani. Mwingine kamwambia pole na kumwachia peremende mapajani. Mlangoni karani alimuuliza aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni: "Huyu anaumwa nini?" Kana kwamba yeye ni mzigo na yule ndiye mwenyewe. Kile kiinuko cha kuingilia kliniki kimemtoa pumzi, ikabidi apumzike mara mbili.

Nikamwambia hayo mazoea, nipe majibu ya presha.

Akaniangalia kwa huruma. Akanishika bega. "Pole sana, shemeji. Presha yako mbaya mno. Na moyo unapiga ovyo, unaruka. Nesi kasema uende hospitali leo leo, usichelewe."

Presha yangu!

Nimemuuliza mkono uliofungwa ule mkanda wa kupimia ulikuwa wa nani. Akasema wake, lakini jina lilikuwa langu.

Jumapili, 17 Machi

Nimewaza kutwa. Chuma haamini. Jana alicheka, akasema kiti changu ndicho kilichoharibu vipimo, mtu mzima ukimkalisha kwenye kiti cha mgonjwa lazima moyo ushtuke. Nilikasirika. Mimi si mgonjwa, mimi natembea kwa magurudumu. Halafu nikaona kwamba mimi mwenyewe nimewaza vilevile kama yeye. Nilimchagua kwa sababu miguu yake inafanya kazi. Nikadhani anayepanda paa hawezi kuwa na moyo mbovu. Fundi wa kufuli mzima, najua vizuri mlango unaweza kupakwa rangi mpya na kitasa kikawa kimeoza ndani!

Nimwambie mke wangu? Bango limekwishakwenda; nikimwambia, yumkini na ndoa itafuata. Nisipomwambia, ni kaka yake wa pekee.

Nimeamua kumshauri Chuma aende mwenyewe, kimyakimya. Nimempigia. Kasema kesho ana kazi ya kupandisha sinki ghorofani. Nimemwambia aache. Kauliza tangu lini nimekuwa mama yake.

Nimekula mboga isiyo na chumvi bila kulalamika. Mke wangu kanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatatu, 18 Machi



Asubuhi Chuma kapitia mezani kwangu, sinki begani, njiani kwenda kazini. Uso wa rangi ya majivu. Kasema hakulala vizuri. Akataka kuongeza jambo, akaliweka sinki chini polepole, akaketi juu yake. Jasho linamtiririka na jua bado halijatoka sawasawa. Akashika kifua. Akasema ni gesi.

Hapo hapo nikamwona nesi wetu anakuja, kamshika mkono Mpokeasimu. Wananitafuta. Nesi alikuta majibu ya Jumamosi akashtuka, akanipigia simu hadi akachoka, nami nilikuwa naona jina lake naogopa kupokea. Akaanza kunifokea kwa nini niko kazini badala ya hospitali, akaniwekea mkono begani. Mkono wa huruma. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nimeiona kabisa ile nafasi, pana, imefunguka kama mlango wa duka.

Chuma akaguna.

"Si mimi!" nikapiga kelele. "Ni huyu! Alikaa kwenye kiti changu! Mpime huyu!"

Nesi hakuuliza hata swali moja. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika Chuma kifundo cha mkono, akaniambia nipigie simu gari la wagonjwa. Nikapiga. Mpokeasimu aliketi chini karibu na Chuma, akamshika mkono wa pili, akamwongelesha taratibu kwa sauti yake ile ya simu, avute pumzi, atoe, asijaribu kuinuka. Chuma, jitu linalobeba matangi, alitii kama mtoto. Nimemsikia akimuuliza kama atakufa. Mpokeasimu akamwambia: "Leo hapana, baba. Leo unapumua na mimi."

Gari lilipoondoka nikamuuliza Mpokeasimu kama alijua. Akasema alijua tangu Jumamosi kwenye foleni. Nikauliza amejuaje, harufu? Nyayo? Akasema: "Fundi, tangu nikujue hujawahi kunyamaza muda wa kuchemsha chai. Yule alinyamaza asubuhi nzima. Nikajua ama umekufa ama si wewe."

Kwa nini hakusema? Alidhani ni mzaha wangu tu. Alipompigia nesi jana jioni na kusikia majibu, hakuweza kukaa: alitaka niseme kwa mdomo wangu nani aliyepimwa.

Jumatano, 20 Machi

Chuma yu hai. Daktari kasema moyo wake umekuwa ukipiga vibaya kwa muda mrefu, na presha imekuwa ikimla kimya. Angelipandisha lile sinki, tungekuwa tunaongea mengine. Sasa atameza vidonge kila siku, yeye asiyejua ladha ya kidonge.

Mke wangu hakupiga kelele. Hilo limenitisha kuliko kelele. Alinipeleka hospitali mwenyewe, akisukuma kiti changu ingawa anajua sipendi kusukumwa. Tulipofika kando ya kitanda cha kaka yake, akasema anashindwa kuamua: anishukuru au aniache humo humo wodini. Nikamwambia aamue taratibu. Akacheka huku analia. Nami machozi yakanitoka, safari hii hayakurudi.

Nesi kanikalisha pembeni. Amesema mimi na Chuma tumefanya kosa lilelile ambalo wengine wamelifanya kwangu miaka yote: tumetazama miguu, tukasahau moyo. Kasema presha yangu pia bado iko juu, haiteremki eti kwa sababu mtu mwingine ameugua. Kanipa vidonge. Nimevimeza mbele yake. Kaniambia nifungue mdomo aone. Mtu haaminiwi!

Jumamosi, 30 Machi

Siku ya picha. Amechaguliwa Mpokeasimu, kama kila mtu alivyojua isipokuwa mimi. Mpiga picha alimwambia ainamishe kichwa kidogo. Akakataa. Akainua kidevu, ngumi mbili mbele ya kifua, akacheka. Kisha akauliza nani amwambie ukweli, anaonekanaje. Nikajikuta nimesema mimi: anaonekana kama mtu ambaye usingependa kumkosea. Akaridhika. Nilihisi kitu kama furaha. Huenda ni vile vidonge.

Chuma alikuwepo. Kaketi kwenye kiti cha kawaida katikati yetu, anavuta mpira wa baiskeli kwa adabu, anahema. Kile kiinuko cha mlangoni amekwishaongea na kliniki, atakitengeneza upya akipona, kisiwe cha kumuua mtu. Tulivuta pamoja mpaka nikatokwa jasho. Jasho la kweli! Presha yangu imeshuka kidogo. Nesi kaniambia naenda vizuri, nisikimbilie njia ya mkato, njia ndiyo hii hii.

Maneno mazito. Nimeyatafakari njia nzima nikirudi nyumbani. Uhai wa mtu si mchezo, na moyo haudanganywi.

Jumamosi ijayo wanapima sukari. Kutakuwa na bango lingine, tena la rangi. Hapa jirani kuna mwalimu wa michezo, mwembamba, hali vitu vitamu, hata chai anakunywa bila sukari. Nimemwita dirishani sasa hivi, nimemuuliza kama Jumamosi ana shughuli.