Gari la Kupandia Theluji Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, Juni 3

Siku tano! Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Zinabaki tano.

Bi Petrakis, bosi wetu wa maegesho kule mlimani, kanipigia simu nikiwa bado na mswaki mdomoni. Huku kwetu baridi huingia Juni, na msimu wa theluji unafunguliwa Jumamosi. Anataka nisimame getini kuongoza magari saa kumi na mbili kamili asubuhi, kizibao cha kung'aa mwilini. Eti mwaka jana nilichelewa mara kumi na moja, na nikichelewa ya kumi na mbili kazi anampa mtu wa kwanza atakayemtia machoni. Nikacheka nikidhani ni utani. Hakucheka.

Kosa si langu. Ni la minyororo. Kigari changu kinavuta kwa tairi mbili tu, na gari la namna hiyo haliruhusiwi kupanda kwenye theluji bila kufungwa minyororo tairini. Basi kila asubuhi nilikuwa nalala chali kwenye tope la barafu nikihangaika, huku wenye magari ya kuvuta kwa tairi zote nne wananipita na kunipigia honi. Siku moja niliifunga yote kwenye tairi za nyuma. Kigari kinavuta kwa za mbele. Nilinguruma pale pale dakika ishirini.

Mwisho wa msimu nikawa nadandia gari la shemeji yangu Garth, kaka wa mke wangu Raelene. Nilikaa kiti cha nyuma na mbwa. Mwaka huu Garth kapewa trekta la kusukuma theluji, anaondoka saa tisa usiku. Hata nafasi ya kando ya mbwa nimeikosa.

Na kazi ile naipenda, Mungu anajua. Ni mahali pekee ambapo watu wananisikiliza. Napunga mkono kushoto, wanakwenda kushoto. Halafu kuna wale wa pwani, wanaokuja na dizeli yao ya kawaida. Usiku inaganda kama nta ya mshumaa ndani ya bomba, asubuhi gari halitikisiki. Mimi napita polepole nikiwauliza kwa upole: hivi ndugu yangu, hukuona kibao pale chini kwamba ujaze dizeli ya mlimani, isiyoganda? Siku hizo chakula cha jioni huwa kitamu zaidi.

Lazima nipate gari la kuvuta tairi zote nne. La mtumba. Wiki hii.

Jumanne, Juni 4

Raelene kasema nisihangaike, ninunue lile la jirani yetu Mavis, mjane, analotaka kuliuza. Dogo, la petroli, la kijani kibichi. Miaka yote limelala bandani, tairi mpya za baridi, linavuta zote nne. Garth naye kasema, shemeji, hilo usiliache. Garth akisifu kitu huwa naanza kukitilia shaka. Lakini bei ni nzuri.

Inaweza kuwa nzuri zaidi. Nimepanga mpango. Nilikwenda kwa Mavis, nikanywa chai, nikamwomba awashe injini. Nikafumba macho. Nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Nikamwambia, mama, samahani kukuambia hivi, hiyo giaboksi inakohoa, haitafika Agosti. Akashika mdomo. Akanishukuru kwa ukweli wangu.

Nimerudi nyumbani kwa madaha. Kesho atashusha bei mwenyewe.

Jumatano, Juni 5

Nimekwisha.

Mavis ni mtu mwaminifu. Sikulifikiria hilo! Kaniita kwenye uzio asubuhi, macho mekundu, akasema hawezi kumuuzia jirani yake gari linalokufa. Je, likinizimikia mlimani nikagandia humo, atamtazama vipi Raelene? Kwa hiyo jana jioni ile ile kampa Garth. Bure. Alivunje achukue spea.

Garth kalipeleka kwa fundi mjini Cooma. Fundi kalisikiliza, kacheka, kasema hilo lina miaka mingine kumi na mitano.

Nilirudi mbio kwa Mavis nikamwambia huenda masikio yangu yana nta. Akanipigapiga mkono, akasema, usijilaumu, mwanangu, ulisema kwa nia njema.

Garth kapita dirishani na gari la kijani. Honi mbili. Raelene kaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia nina mpango wa pili. Akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Alhamisi, Juni 6

Nimelipata! Nimelipata!

Tangazo nililiona gazetini. Mtu mmoja anaitwa Vince, yuko Merimbula, pwani. Nikapanda basi alfajiri. Garth alikuwa ameshanipa mawaidha, kama vile niliyaomba: angalia chini kama kuna kutu ya chumvi ya bahari, angalia tairi, lipandishe kilima kwanza. Nikamwambia ahsante shemeji, mimi si mtoto.

Gari ni jeusi. Kubwa! Mbele lina chuma cha kukinga kangaruu, kinene kama paja. Juu ya paa taa saba. Chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi kabisa, mpaka imenichafua mkono wa koti. Mtu anayepaka rangi mahali pasipoonekana ni mtu makini. Ndani kuna mchanga kidogo, lakini mchanga ni usafi wa bahari. Vince akavuta wenzo, kitu kikaguna huko chini, akasema, unasikia hiyo, bosi? Ndizo tairi zote nne zinaitika. Nilizisikia kabisa. Tairi zenyewe sikuziangalia. Niliangalia taa. Zote saba zinawaka.

Sasa bei. Vince hakushuka hata kidogo. Mimi nami sikubali kuondoka na gari bila kushinda kitu. Nikamwambia basi, nijazie tangi. Mpaka juu. Akasema dizeli siku hizi haishikiki. Nikasimama nikavaa kofia, kama mtu anayeondoka. Basi la kurudi halikuwepo mpaka kesho yake, lakini hilo yeye hakulijua. Akasalimu amri! Alijaza mpaka ikamwagikia viatu vyake.

Sijashinda namna hii tangu harusi yangu. Nilipanda milima nikiimba. Pale Cooma nikapita kituo cha mafuta, kile chenye kibao kikubwa, nikawapungia mkono. Tangi limejaa. Ningetia wapi?

Ijumaa, Juni 7

Nimeliosha. Nimeliegesha mbele ya nyumba ya Garth ili alione akifungua pazia. Redio inasema theluji inashuka kesho, na baridi itakuwa digrii nane chini ya sifuri.

Garth kampa dada yake lile la kijani. Raelene kalipokea mbele ya macho yangu na kumkumbatia. Garth kanishauri nilijaribu langu kwanza mpaka kule kwenye kona ya malisho. Badala yake nikamwashia taa zote saba. Mavis akatoka nje akiuliza nani mgonjwa.

Bi Petrakis kauliza kwa ujumbe kama nitafika. Nimemjibu: niko tayari kuliko theluji yenyewe.

Jumamosi, Juni 8

Naandika nikiwa nimejifunika mablanketi matatu.

Liliwaka. Nataka iandikwe hivyo. Liliwaka, likanguruma, taa saba zikamulika mpaka kondoo wa watu wakakimbia. Nikafika kona ya malisho. Likakohoa. Likakohoa tena. Kimya.

Nilijua. Kabla sijafungua boneti nilijua. Chujio la mafuta lilikuwa jeupe kama mshumaa wa kanisani. Dizeli ya pwani, tangi zima, mpaka juu, niliyoipigania mwenyewe. Nikakaa barabarani. Nikalia kidogo, sifichi.

Halafu Raelene akatokea. Aliniona kupitia dirisha la nyumbani tangu gari liliponizimikia. Yuko ndani ya gari la kijani, nguo ya kulalia chini ya koti, joto tele humo ndani. Akasema, Neville, panda, tutawahi.

Tungewahi. Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Tungewahi na dakika za ziada. Lakini nikafikiria nafika mbele ya watu wa maegesho yote, nashuka kwenye kile kigari cha Mavis, Garth yuko juu ya trekta lake ananitazama. Nikasema hapana. Nikamwambia wewe tangulia, mwambie Bi Petrakis nakuja, jua likitoka kidogo tu hii itayeyuka.

Jua lilitoka saa nne.

Nilipofika foleni ilikuwa inakwenda vizuri. Vizuri kupita kiasi. Getini amesimama mtu wa kizibao anapunga mkono kushoto, magari yanakwenda kushoto. Raelene. Saa kumi na mbili kamili Bi Petrakis aliangalia huku na huku, akamtia yeye machoni, akamvika. Nilipofungua kioo kujieleza, mke wangu akaniinamia na kuniuliza kwa upole kama nilijaza dizeli ya mlimani. Nyuma yangu watu wa pwani wakapiga honi. Akanipungia kushoto.

Nikaenda kushoto.

Jumatatu, Juni 10

Raelene anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Bi Petrakis kamwambia hajawahi kuona geti likienda namna ile, na mshahara wake utaanza palipokuwa panaishia wangu. Alirudi mashavu mekundu, akala kama mkata kuni, akanisimulia mambo ya geti. Geti langu. Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikaosha vyombo nikiwa nimempa mgongo.

Garth kaleta pai ya nyama. Kasema pole shemeji, na safari hii hakunitania. Heri angenitania.

Kijiji kizima watu wana kazi ya kwenda. Mimi nina taa saba.

Jumanne, Juni 11

Nimefikiri kwa utulivu, na tatizo nimeliona. Si mimi. Ni dizeli. Nilipaswa kuchukua la petroli tangu mwanzo, na laiti watu wa nyumba hii wangenieleza hivyo kwa lugha inayoeleweka!

Vince ana binamu yake kule Eden, pwani vilevile, ana gari la kuvuta tairi zote nne, la petroli. Yuko tayari tubadilishane. Taa tisa! Nikilipata kufikia Ijumaa, nitakuwa pale getini Jumamosi alfajiri kabla ya Raelene, na Bi Petrakis ataona mwenyewe nani anastahili kizibao.

Hakutaka kuniongezea kitu. Nimembana kwa simu nusu saa nzima. Mwishowe kakubali amwage dawa yote ya zamani ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye rejeta, anijazie maji mapya. Maji matupu ya bomba, masafi, mpaka juu. Bure!