Tairi Lililojaa Ndala

Jumatatu, 6 Mei

Shule imekwisha. Baba amenipa kazi kwenye karakana yake ya kuziba pancha: Kaka anaziba, mimi napokea wateja. Mteja wa kwanza aliniuliza kama tunajaza upepo. Nikatikisa kichwa kumaanisha ndiyo. Akaelewa hapana, akaondoka.

Baba alisema, kwa upole unaouma kuliko ukali, kwamba ana subira hadi Jumapili. Nisipokuwa na faida hapa, nahamia kwenye duka la Shangazi. Huko kazi ni kusimama mlangoni na kuita wapita njia. Kwa sauti.

Jumanne, 7 Mei

Nimesoma kwenye simu kuhusu matairi yasiyo na upepo. Ndani hamna hewa, kuna vijiti vya plastiki ngumu inayonepa. Msumari ukiingia, hakuna kinachotoka. Hakuna pancha, kwa hiyo hakuna wateja wa kuongea nao. Nusu ya pili ya makala, yenye kichwa “Matatizo”, sikuisoma. Bando liliisha.

Kaka akauliza, sasa Injinia, pancha zikiisha tutakula nini? Nilimwambia hiyo ni hatua ya pili.

Jumatano, 8 Mei

Plastiki inayonepa sina. Ndala ninazo. Nimekusanya za nyumba nzima, nikazikatakata, nikashindilia vipande ndani ya tairi la mbele la gari la Baba alipojinyoosha mchana. Nimelipiga teke. Kidole kimevimba. Dalili nzuri.

Mama anauliza ndala za bafuni zimekwenda wapi. Mara ya pili aliuliza akiwa ameshika kiuno.

Kesho nitamweleza Baba, kisha tutajaribu taratibu, uwanjani, bila abiria.

Alhamisi, 9 Mei

Haikuwa taratibu.

Nilisahau kwamba leo Bibi ana miadi ya macho, ile aliyoisubiri tangu mwaka jana. Nilipotoka nje, gari lilikuwa linanguruma, Baba kwenye usukani, Kaka kando yake, Bibi nyuma amekumbatia mkoba. Nikaita, Baba. Akasema kama unataka kwenda panda, binti yangu, tunachelewa. Nikapanda. Njia nzima mdomo ulifunguka, sauti ikabaki ndani.

Kwenye vumbi tulikwenda vizuri. Nilianza kutabasamu. Kwenye lami usukani ukatetemeka. Bibi akauliza nani anachoma viatu. Kaka akasema ni Injinia huyu, Bibi, anafikiri. Alikuwa anatania. Ndipo moshi ukaonekana.

Kaka alifungua tairi watu wakiwa wamejaa kutazama. Alitoa kipande kimoja kimoja akitangaza mwenyewe: hii ya Mama, hii ya Baba, hii yangu, nimeitafuta mpaka nikamsingizia jirani. Baba alisimama tu, mikono mfukoni.

Bibi alipata lifti kwenye lori la mbao. Alifika kliniki ikiwa karibu kufungwa. Daktari alimpokea.

Ijumaa, 10 Mei

Baba ameongea. Alisema tairi si kitu, tairi ni kazi yake. Kosa ni kwamba nilikaa ndani ya gari nikijua, nyuma ya kiti chake, na neno moja tu, “subiri”, lingetosha. Bibi angekosa macho kwa kukosekana neno moja. Jumapili nafungasha.

Nililia kidogo. Bibi, jicho moja limefunikwa, alinipapasa kichwa akasema hata kwa hili moja ananiona vizuri.

Nimemwelewa Baba kabisa. Nimeandika SUBIRI kwenye kadibodi, kwa herufi kubwa. Nitakuwa natembea nayo.

Jumatatu, 13 Mei

Siku ya kwanza kwa Shangazi. Nimeandika KARIBU upande wa pili wa kadibodi, nikasimama nayo mlangoni. Shangazi akauliza kama nimekuja kuuza au kuandamana.

Mchana nilipata bando, nikasoma ile nusu ya pili. Joto, kelele, mtikisiko ukienda kasi. Nimeisoma mara mbili kwa makini. Haikutaja ndala popote.

Na zile zilizoungua zilikuwa zimechakaa. Shangazi ana rafu nzima ya ndala mpya, hazijavaliwa na mtu. Gari lake huwa analiegesha nyuma ya duka. Amesema kesho asubuhi ana safari.

Nitamwambia. Kadibodi ninayo.