Baridi Iliyokuwepo Kabla ya Mkataba

Itangazwe kwa wenye nyumba wote, kutoka Louisville hadi Buffalo: Januari 2015, kampuni moja ya dhamana za nyumba ilizindua Kitengo cha Ufafanuzi kwa Kiswahili. Kitengo kilikuwa na mtu mmoja, Ezéchias, aliyepewa tai, chumba juu ya duka la vyakula pale Morse Road, Columbus, na simu ya kazi. Wateja hawakukawia. Ezéchias aliimba besi kwenye kwaya, na watu walisaini wakiamini mtu wa besi hawezi kuwadanganya.

Kazi yake ilikuwa kueleza vitu vyote vinavyogharamiwa na dhamana, na kwa nini hicho chako hakimo. Aliipenda mno. Friji iligharamiwa, ila si ubaridi wake. Bomba liligharamiwa mpaka pale linapoanza kuvuja.

Siku moja akapiga simu Mukashyaka, mjane wa mtaa wa Bailey kule Buffalo. Hita imezimika, na mama mkwe wake, Kabanyana, ana miaka themanini na kifua kibovu.

"Bon, mama, hita inagharamiwa," Ezéchias akamtuliza. "Shida ni baridi. Baridi ilikuwepo kabla ya mkataba."

"Donc mimi nalipa dhamana ya kiangazi?"

"Kiangazi nacho kina masharti yake, mama."

Wakubwa wa kampuni kule Louisville walimpongeza, wakamtuma mwenyewe Buffalo, maana dai halikataliwi vizuri bila ukaguzi. Alifika saa nne asubuhi na kalamu tatu. Akaishika hita, akaikuta ya baridi kama alivyotarajia, akaandika hivyo. Alipogeuka aondoke, theluji ilikuwa imemeza gari lake hadi kwenye vioo, na polisi wamefunga barabara.

Loo! Kufika saa sita, alikuwa hayasikii tena masikio yake. Kwenye kochi, chini ya mablanketi manne, Kabanyana alikohoa mpaka kochi likasogea. Mukashyaka alimtazama mama mkwe wake kwa hofu, halafu akamtazama afisa huyo wa dhamana kwa hasira.

"Mama," afisa akasema, meno yakigongana, "nisaidie blanketi moja tu."

"Mablanketi yanagharamiwa," Mukashyaka akajibu taratibu. "Shida ni wewe, baba. Uliingia humu ukiwa tayari na baridi yako."

Ezéchias akatoa simu yake binafsi, akaipigia kampuni. Mashine ikamwambia kwa Kiingereza asubiri kwa muda wa saa tatu.

"Bonyeza ile namba ya Kiswahili," Kabanyana akaamuru. "Na sisi tusikie."

"Lakini, mama mzee..."

"Nimesema bonyeza."

Mkubwa akisema hivyo, utafanyaje? Akabonyeza. Papo hapo simu ya kazi ikaanza kulia ndani ya koti lake.

Mukashyaka alicheka hadi akashika ukuta. Kabanyana hakucheka.

"Pokea. Mwambie huyo bwana baridi hii ni ya leo."

Akapokea. Simu moja sikio hili, nyingine sikio lile, Ezéchias akajisalimia, akajieleza, akajisikiliza kwa makini, akaona kweli hoja za mteja ni nzito. Idhini ilitoka kwa dakika mbili, ya kwanza tangu Kitengo kianzishwe, pamoja na ahadi kwamba fundi atakuja mara tu barabara itakapofunguliwa.

Ndipo Kabanyana akamrushia blanketi moja. Lilimfunika mpaka magotini.

"Na miguu?" akauliza Ezéchias.

"Miguu," akasema bibi, "haimo kwenye mkataba."