Sufuria Lililopata Cheo

Duniani kuna watu wa aina mbili: wanaochoka, na Mwalimu Chuma. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Hata jina la Chuma alijipa mwenyewe, akalitangaza mwenyewe, na aliyesahau kulitumia alikumbushwa.

Ule ugonjwa ulipofunga shule na masomo yakahamia kwenye kompyuta, walimu wenzake walilalamika: migongo, macho, usingizi. Yeye akacheka!

"Msongo wa mawazo ni ugonjwa wa walimu wa historia," alisema. "Sisi wa hesabu tulishapata chanjo!"

Na huruma hana. Binti mmoja wa darasa lake, yule wa dawati la mbele ambaye hakosi jibu, alimwandikia: "Mwalimu, kichwa kinaniuma kila siku. Miezi minne sijakaa na mwenzangu hata mmoja. Nimechoka."

Chuma akajibu papo hapo: "Kunywa maji. Kisha fanya namba saba mpaka ishirini."

Lakini Chuma huyo huyo, shuleni, alikuwa akiishi kwa neno moja. Akiuliza, "Mmeelewa?" watoto arobaini huitikia, "Ndiyo mwalimuuu!" Hata wasioelewa, na hao ndio waliopaza sauti zaidi. Sasa kwenye kompyuta akiuliza, "Mmeelewa?" analetewa kimya. Miraba arobaini myeusi, kila mmoja na jina lake. Anauliza tena. Kimya! Kila kipindi alikimaliza akifuta macho, akasingizia vumbi la chaki. Na chaki hakuishika tangu shule ifungwe.

Ndipo siku moja alipouliza, "Mmeelewa?" na huko jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Kwaaa!

"Asante!" alisema Chuma, machozi yakamlenga. Lilikuwa jibu lake la kwanza kwa miezi minne.

Kesho yake sufuria lilikuwa sebuleni, kwenye kiti cha mbele. Keshokutwa likaja jagi. Wiki haikwisha, darasa limejaa: ndoo mbili, chupa ya chai, pasi, na stuli yenye mguu mbovu iliyokalishwa nyuma kabisa, maana ilikuwa haitulii. Chuma akawafungulia daftari la mahudhurio. Sufuria hakukosa hata kipindi kimoja!

Mkewe, fundi cherehani aliyehamishia kazi chumbani, akaja kuchukua sufuria apike.

"Yuko kipindini," alisema Chuma.

"Nani?"

"Subiri dakika ishirini, mke wangu. Kengele bado."

Mkewe alimtazama, akazitazama na ndoo. Siku hiyo walikula mkate mkavu.

Basi mwalimu mkuu, mama asiye na maneno mengi, akatangaza nafasi. Shule inatafuta Mlezi wa Ustawi, mtu wa kuwasikiliza walimu na wanafunzi walioelemewa. Shule ikifunguliwa atapewa ofisi yake, yenye mlango na kitasa. Miaka kumi na tisa Chuma alikuwa akisahihisha madaftari kwenye kona ya meza ya walimu, vikombe vya chai vikimwagikia majibu. Aliitaka ofisi ile mpaka akaiota. Na nani angemshinda yeye asiyechoka? Kila anayeomba atoe mada Ijumaa saa kumi mbele ya walimu wote, kisha kura zipigwe.

Wote waliotaka kuomba walisikia kwamba Chuma kaomba, wakajiondoa. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumsikiliza akijisifu.

Ijumaa akafunga tai. Kamera akaielekeza kwenye rafu ya vitabu, darasa lisionekane.

"Ndugu walimu!" alinguruma. "Mimi sijalala mchana! Sijalia! Na kamwe, narudia, kamwe sijazungumza peke yangu!"

Hapo hakusema uongo. Walikuwapo saba mbele yake.

Makofi yakapigwa. Chuma akaaga, akafunga ukurasa wa mada yake akidhani amefunga kikao, akaisukuma kompyuta pembeni. Kompyuta ikageuka, ikalitazama darasa zima.

"Mmeonaje?" aliwauliza wanafunzi. "Sufuria, nilikuwa sawa? Asante. Jagi, nimekuona unavyocheka! Toka nje!"

Akambeba Jagi mpaka mlangoni, akamgeuza aangalie ukuta. Kisha akaketi mbele ya Sufuria, sauti ikamshuka.

"Wewe tu ndiye uliyewahi kuniitikia. Nawakumbuka wale watoto, Sufuria. Hata watundu. Hasa watundu."

Mkewe akaingia mbio. "Leo hata kama ana mtihani, mimi napika!"

"Mwache kidogo, ananiliwaza!"

"Mwalimu," kompyuta ikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, "bado tupo."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Walimu thelathini na mmoja walikuwa wamekodoa macho, na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha Chuma.

Mwalimu wa historia akakohoa. "Samahani, mwenzangu. Hilo sufuria linaitikia kweli? Mimi nina ufagio. Mwezi wa pili huu namfundisha, hata kutikisa kichwa hataki."

"Mimi nasahihisha na paka," akasema mwingine. Wa tatu akaanza kulia, akasema hajui kwa nini. Mwalimu mkuu akavua miwani.

"Mimi kila asubuhi navaa viatu vya kazini," alisema polepole, "nazunguka meza nikigonga kikombe kwa kijiko. Ndiyo kengele."

Kura zikapigwa hapo hapo. Chuma alipata moja, ya kwake. Sufuria alipata thelathini na moja.

"Anasikiliza, hakatizi mtu, na hajisifu," alisema mwalimu mkuu. "Wewe, Chuma, utakuwa karani wake."

"Na mimi nitapikia nini?" aliuliza mkewe.

Jumatatu karani alimweka mheshimiwa mbele ya kamera, akafungua foleni. Walimu wakaja, wanafunzi wakaja. Kila mmoja alisema yaliyomjaa moyoni, na akimaliza, Chuma aligonga kifuniko, kwaa! kuonyesha kwamba amesikika. Kufika alasiri alikuwa akifuta macho tena, na safari hii hakukumbuka kusingizia chaki.

"Sasa zamu yangu," alisema.

Mraba mmoja mweusi ukawaka. Alikuwa yule binti wa dawati la mbele, macho mekundu, nywele hazijachanwa.

"Shikamoo, mwalimu. Zamu ni yangu, niliandika jina tangu asubuhi."

"Marahaba. Lakini mwanangu, nimechoka! Kichwa kinaniuma! Miezi minne sijakaa na..."

Binti alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Kunywa maji. Kisha fanya namba saba mpaka ishirini."