Kadi Yenye Feni Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Aibu! Aibu ya jana bado imenikaa kooni kama mfupa wa samaki. Nilikwenda kwa Shemeji, mdogo wake mke wangu, tucheze gemu ya magari kwenye kompyuta yake. Akanishinda. Akanishinda tena huku anaongea na simu. Nikamwambia si haki, yeye ana mazoezi. Kompyuta yangu haichezeshi gemu ile, inaionyesha kama albamu: picha ya gari, subiri, picha nyingine ya gari, subiri, picha ya ukuta. Akanipigapiga begani. Akasema kompyuta yangu ni nzuri sana kwa kuandikia barua za kuomba kazi.

Mimi! Mkuu wa kaunta katika duka la vifaa vya ujenzi!

Tatizo nalijua. Sina kadi ya picha, kile kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta na kazi yake ni kuchora tu. Shemeji anayo, ina feni mbili, zinawaka rangi ya bluu. Nami naitaka. Mfuko wangu hautaki hata kulisikia jambo hilo. Lakini mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, amejiwekea akiba ya kununua ovaloki, mashine ya kuzuia nyuzi zisifumuke kwenye pindo.

Akili ni nywele, na mimi sina upara. Baada ya chakula nikamwambia mafundi wa siku hizi hawaonyeshi tena wateja vitabu vya mitindo vilivyochanika. Wanaonyesha gauni kwenye skrini. Linazunguka lenyewe: mbele, ubavuni, mgongoni. Kinachotakiwa ni kadi tu. Akaacha kukanyaga cherehani. Akauliza, linazunguka kweli? Nikasema kama pia ya watoto. Akaenda chumbani, akarudi na bahasha.

Amekubali! Nasikitika kidogo kuhusu ovaloki. Kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta wakati wa mapumziko. Maswali tele. Kasha la kompyuta yangu lina urefu gani? Pawa yake, yaani kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, ina nguvu kiasi gani? Nikamwambia sikuja kufanya mtihani. Akanitolea kadi ndogo, nyembamba, ya bei nafuu. Akasema inatosha kabisa gemu zangu, haihitaji nyaya za ziada, na itaingia bila matata.

Nikaitazama. Feni moja. Moja! Shemeji ana mbili, halafu mimi nitokee na moja, kama kuku wa mguu mmoja? Nikaomba kubwa. Akasema anayo lakini hataniuzia, haitaingia, na ikiingia haitapata umeme wa kutosha. Tangu lini mwenye duka akamkatalia mteja? Nikatoka na hasira zangu.

Ng'ambo ya barabara kuna muuza vitu vilivyotumika, wote tunamwita Mheshimiwa kwa sababu ya tai anayovaa. Yeye hana maswali. Ana kadi yenye feni TATU. Ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko. Vumbi limejaa, lakini Mheshimiwa anasema hilo ni vumbi la hospitali, ilikuwa ya daktari aliyeitumia kutazama picha za mifupa. Nikauliza dhamana. Akasema ipo, mpaka nitakapovuka barabara. Akaifunga katika foronya, tukaagana.

Nimerudi nyumbani naimba. Mke wangu naye anaimba. Nikamwuliza kulikoni. Akasema amempata shangazi wa bibi harusi mmoja, anatafuta fundi wa kushona gauni la harusi pamoja na nguo za wasimamizi wote. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mafundi wengine wawili wanaitaka. Lakini yeye amemwambia shangazi aje Jumamosi na bibi harusi mwenyewe, aone magauni yakizunguka kwenye skrini.

Wimbo wangu ukaishia katikati.

Jumatano, 5 Machi

Haiingii.

Nimeisukuma kwa upole, kwa nguvu, kwa bismillahi na kwa goti. Haiingii. Nimechukua futi ya mke wangu ya kupimia viuno. Kadi imelizidi kasha kwa upana wa vidole vitatu. Bati la ndani ndilo adui.

Nafanya kazi katika duka la misumeno, nishindwe na bati? Nikamwambia bosi naazima msumeno wa chuma nikamwonyeshe mteja nyumbani kwake. Si uongo wote. Nyumba ipo. Nikakata. Kelele kama za paka waliokanyagwa mkia. Cheche kidogo, unga wa chuma mwingi. Bati likaachia, kadi ikaingia na kukaa kama mkwe kwenye sofa. Ushindi!

Kisha nikageuka. Juu ya meza ya pili kulikuwa na kitambaa cheupe cha satini. Kilikuwa cheupe.

Mke wangu hakusema neno. Akaleta sumaku yake ya kuokotea pini, akaanza kuipitisha juu ya unga ule, kipande kwa kipande. Ningependa angesema. Mwanamke anayefoka unajua atakapofikia. Huyu alikuwa anaokota tu. Mwisho akaniuliza, bila kuinua macho, kama kila kitu kitakuwa tayari Jumamosi. Nikasema bila wasiwasi. Akaitikia kwa kichwa. Anaamini! Hilo ndilo lililonichoma.

Nikawasha. Pawa ikalia puu! Harufu ya mpira ulioungua. Fundi alinionya, lakini fundi yule hana heshima, kwa hiyo sihesabu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebadilishana na Mheshimiwa. Yeye kachukua redio yangu nzuri, mimi nimepata pawa kubwa. Kwa heri redio.

Nimefunga kila kitu. Kadi ndani, nyaya zake mbili za umeme zimeshika. Kebo ya skrini nimeirudisha kwenye tundu lake lile lile la siku zote, juu, karibu na matundu ya kipanya, maana mimi ni mtu wa mpangilio. Nikawasha. Picha! Feni zote tatu zinazunguka na kuvuma kama nyuki! Nikafungua gemu ya magari. Laini! Laini kama siagi juani! Gari linateleza, miti inapita, karibu nione majani yake.

Nikampigia Shemeji aje ajionee. Akaja. Akainama nyuma ya meza, akachungulia, akakaa huko kwa muda. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, midomo imebana, machozi yanamlenga. Wivu! Akasema hongera, Shem. Akauliza kama kweli naiona tofauti na zamani. Nikasema mbingu na ardhi. Akaniomba nirudie kusema, anirekodi kwenye simu. Nikarudia, nikaongeza kwamba macho yangu yanapata shida kuzoea uzuri ule. Shemeji akapaliwa, ikabidi atoke nje.

Siku tamu kuliko zote mwaka huu.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamefika shingoni.

Mke wangu ameweka programu ya kuchorea nguo. Alijifunza mwenyewe kwenye simu, jioni baada ya jioni, mimi nikidhani anatazama tamthilia. Amechora gauni la bibi harusi. Kola, mikono, mkia mrefu nyuma. Zuri mno! Akabonyeza lizunguke.

Mabega yakageuka. Kiuno kikabaki kinatazama mbele. Mkia ukapotea, ukarudi, ukatokea kichwani kama kilemba. Kisha kila kitu kikaganda.

Nikamwambia kadi bado ngeni, ina haya. Akajaribu tena. Ikaganda tena. Nikasema ni umeme wa mtaa huu. Akaniangalia. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba shangazi anakuja kesho asubuhi, na kwamba kitabu chake cha mitindo alikigawa juzi kwa mwanafunzi wa ushonaji kwa sababu mimi nilisema hakina kazi tena.

Nimewaza mpaka masikio yakapata moto. Nina mpango. Mpango mwepesi, safi. Magauni hayawezi kuganda kama hakuna umeme. Na umeme ukikatika, nani wa kulaumiwa? Si mimi. Swichi kuu iko nje, nyuma ya nyumba. Wakishakaa tu, chap! Pole jamani, mmeona wenyewe, njooni wiki ijayo.

Wakati mwingine najiogopa kwa akili.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimekaa barazani, nilikoambiwa nikae.

Walikuja: shangazi, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, na bibi harusi mwenyewe, mpole, anazungushazungusha pete. Shemeji naye alikuja, bila kualikwa, na simu yake mkononi. Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Akawasha skrini. Nikaaga kwamba nakwenda kuangalia maji. Nikazunguka nyuma, nikashika swichi, nikaishusha.

Kimya ndani. Nikajisifu.

Kisha nikasikia shangazi akisema ajabu, mbona kwa jirani redio inaimba? (Kweli ilikuwa inaimba. Kwa nguvu.) Nikapiga hesabu ya kumkimbilia jirani azime redio. Sikuwahi. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Mkono wangu bado uko kwenye swichi.

"Ni wewe," akasema.

Nikasema nilikuwa naikagua.

"Usiniongopee mara ya pili. Hiyo kadi ulinunua ya magauni au ya magari?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Yote yakakataa kutoka. Nikasema, "Ya magari."

Akashusha pumzi. "Ungeniambia unataka kucheza, ningekwambia subiri, nimalize kununua ovaloki, tutafute pamoja. Sasa nina watu ndani. Nirudi niwaambie nini?"

Hakulia. Lakini alipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Nikatamani kuingia ndani ya sanduku la swichi na kujifungia.

Shemeji alikuwa nyuma yake. Alikuwa amekuja na simu kurekodi fedheha yangu, nina hakika. Alipomwona dada yake akipangusa jicho, akairudisha simu mfukoni. Akaniambia washa. Nikawasha. Akaingia ndani, akapiga magoti nyuma ya meza, akachomoa kebo ya skrini kutoka tundu la juu, akaichomeka kwenye tundu jingine, chini, kwenye kadi yenyewe.

Ndiyo. Kwenye kadi yenyewe.

Picha zote tangu Alhamisi zilikuwa za kompyuta ile ile ya zamani! Kadi ilikuwa imekaa tu humo ndani na feni zake, kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Ulaini, miti, majani: vyote nilijichorea kichwani!

Shemeji akaweka programu ya kuiamsha kadi, wageni wakapewa maji baridi, mke wangu akapiga stori za vitambaa kama hakuna lililotokea. Kisha akabonyeza. Gauni likazunguka. Taratibu, bila kusita, mkia ukifuata nyuma kama mawimbi. Bibi harusi akaacha kuizungusha pete. Akasema, "Shangazi, ni hili. Sitaki kwenda kwingine." Shangazi akajaribu kuuliza bei ya wengine. Bibi harusi akarudia, kwa sauti ambayo nadhani hakujua anayo, kwamba ni hili.

Walipoondoka mke wangu akamgeukia mdogo wake. Ulijua tangu lini? Shemeji, mjinga, akajibu ukweli: Alhamisi. Akapigwa na mto wa sofa. Akapigwa na wa pili. Dada yake akamwambia ya huyu naielewa, kichwa chake ndivyo kilivyo, lakini wewe uliniacha na hofu usiku mzima ili ucheke?

Shemeji akaomba radhi. Nami nikaomba, kwa sababu mito ilikuwa bado ipo. Ndipo tukatumwa barazani wote wawili. Tumekaa. Baadaye Shemeji akanionyesha ile video. Naongea kwa kujiamini sana. Nimependeza, kwa kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Wateja wapya wamekuja wakiulizia gauni linalozunguka. Mke wangu anakaa kwenye kompyuta kutwa. Gemu ya magari imefutwa, magauni yanataka nafasi. Amesema pesa ya kwanza ya harusi itanunua ovaloki, na mimi ndiye nitakayeibeba kutoka dukani. Nimesema haki kabisa. Amenitaka niape kwamba sitamdanganya tena ili anipe pesa. Nimeapa, na nilimaanisha. Yeye sitamdanganya tena.

Mchana mama mkwe alikuja kumsaidia kushona vifungo. Mama wa watu analalamika magoti. Daktari amemwambia afanye mazoezi ya miguu akiwa amekaa. Nikamwonea huruma sana. Nikamvutia kiti, nikamweleza kwa adabu kwamba kuna kifaa cha kisasa kabisa, kina pedali tatu za kukanyaga na usukani wa kushikilia, na kinaunganishwa na kompyuta yake maalumu, mpya, yenye kadi nzuri. Mtu anakaa, anakanyaga, mbele yake miti inapita, hasikii hata uchovu. Nikamwambia ningekitunza mimi mwenyewe, na kukijaribu kila jioni, kisije kikamwumiza.

Akauliza kama binti yake anajua habari hizi. Nikamwambia tusimsumbue, ana kazi nyingi.

Anasema atafikiria. Nimemwambia, Mama, magoti hayasubiri.